Kuhamisha sefu ya babu kutoka Mji wa Kale mpaka Likoni: njia kwanza, nguvu baadae

Kama unahama na nyumbani kuna sefu ya chuma, zile za kale nzito, basi mipango yote ianze na hiyo sefu. Kabati, vitanda, friji, makochi, hivo vyote ukiita vijana wa mkokoteni asubuhi, adhuhuri washamaliza wako barazani wanakunywa soda. Sefu haiko hivo. Sefu yaweza kumvunja mtu mguu, yaweza kuzamisha slebu ya mtaro, kile kifuniko chake cha zege, na ikishaanza kulala upande hakuna wa kuizuia hata wawe watu kumi. Naandika haya manake tumehamisha ya marehemu babu na nimeona mambo ambayo watu hawaambiwi, wanaambiwa tu tafuta vijana wenye nguvu. Nguvu inakuja mwisho kabisa. Cha kwanza ni njia, yani kila hatua kuanzia pale iliposimama mpaka pale itakaposimama.

Babu alikuwa na duka la vitambaa Biashara Street, na sefu akaiweka nyumbani Mji wa Kale, Mombasa, chumba cha nyuma ya ukumbi, chini. Hakuiweka orofani na alikuwa na sababu zake. Zile nyumba zetu sakafu ya juu ni boriti za mikoko zimepangwa kutoka ukuta mpaka ukuta, juu yake mawe ya matumbawe na chokaa, na boriti ikikaa miaka mingi kwa unyevu na mchwa hujui ndani imebaki nini. Sefu yenyewe si kubwa kwa macho, urefu kama mita moja, upana na kina sentimita 65 hivi, mlangoni ina kibati cha shaba kimeandikwa Milner's, Liverpool, na mkono wa shaba ushalainika kwa kushikwa. Mama sasa magoti yanamsumbua, dada kajenga Likoni, ng'ambo ya feri, upande wa Shelly, tukakubaliana mama ahamie huko na mama akasema haondoki bila sefu ya babake. Basi.

Swali la kwanza ni uzito, na hapa kila mtu alikuwa na yake. Ami alisema kilo mia tatu, jirani akasema tani nzima, kijana wa mkokoteni akasema "hii tutabeba tu mamangu, lete elfu tano", na hata ndani hakuingia kuitazama. Mimi nikakaa na tepu na kalamu. Chuma mita moja kwa mita moja cha unene wa milimita 10 ni karibu kilo 78, hiyo ukiijua ushapata pa kuanzia. Unapima bamba la nje, unapima la ndani, unakisia mlango manake mlango ndio mnene kuliko pande zote, unajumlisha. Tatizo ni kile kilichojazwa katikati ya mabamba mawili. Kama ni zege, mita moja ya ujazo ni kilo 2,400, na kama ni unga wa kuzuia moto haifiki hata nusu ya hapo. Kwa hivyo sefu ile ile moja hesabu yangu ilinipa kilo 450 ikiwa ni unga na karibu 900 ikiwa ni zege, na kwa nje huwezi kutofautisha. Tukaamua kila kitu kipangwe kwa ile 900, mbao, kamba, gari, watu, kila kitu. Ukipanga kwa uzito mdogo halafu ukakuta ni mkubwa unakuwa ushafika katikati ya kichochoro, mbele huendi, nyuma hurudi.

Na ukishaona hizo namba utaelewa kwa nini neno kubeba lisitumike kabisa. Hata ile 450 ukigawa kwa watu wanne ni zaidi ya kilo 110 kila mtu, na hapo hakuna mahali pa kushika, hakuna mtu anayejipa nafasi ya kukunja mgongo vizuri, na mmoja tu akiteleza uzito wake unawaangukia wengine watatu kwa ghafla. Sefu inasogezwa na inateremshwa, ukimsikia mtu yuwasema "inueni" mtoe kazini.

Ami ndiye aliyemjua yule mzee. Alikuwa serahangi, yani msimamizi wa wapakuzi, bandarini Kilindini zamani, miaka ile mizigo mingi ilikuwa bado inashushwa kwa mikono na slingi kabla kontena hazijajaa, sasa hivi anachukua kazi ndogo ndogo na vijana wake, mashine za kusaga, jenereta, mawe ya kaburi. Alikuja baada ya alasiri, akasalimia, akakubali kahawa, na kwa muda mrefu sefu hakuigusa. Alimuomba mama ndimu. Mama akamletea akidhani ataka kuikamulia chai, mzee akaiweka ndimu sakafuni mbele ya sefu akaiachia, ikaenda pole pole upande wa kushoto mpaka ukutani. Akaichukua akaiweka hatua mbili mbele, ikaenda kushoto tena, mpaka akafika mlangoni na ndimu yake. Kumbe ule ukumbi tuliokulia wote umelala kushoto na hakuna aliyewahi kujua, kwa jicho ni sawa kabisa. Akasema sefu ikiwa juu ya paipu itataka kwenda huko huko, kwa hivyo upande wa kushoto hasimami mtu, hata mmoja, hata kwa dakika.

Halafu akapima kizingiti. Mlango wetu wa mbele ni ule wa nakshi, mbao mbili na mfaa, ule mti wa kusimama, katikati, kizingiti kimeinuka kiganja kizima, kisha kuna daka, ile baraza ndogo ya mlangoni, kisha vidaraja viwili ndio uko kichochoroni. Kuna mtu alishauri tung'oe kizingiti tutarudisha baadae. Mzee alikataa na mimi namuunga mkono kwa moyo wote, mlango ule ni mkubwa kwa umri kuliko sisi sote na Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, si mahali pa kuingia na nyundo kwa sababu ya mzigo wa asubuhi moja. Akapima upana, akapima kichochoro chote mpaka pale lori linapofika, akawa anagonga kila kifuniko cha mtaro kwa kisigino anasikiliza. Viwili akavitia alama ya chaki.

Bei yake ilikuwa mara tano ya yule kijana wa mkokoteni, na gari mbali. Ami alitaka kupunguza, mimi nikamwambia ami, huyu ndiye mtu pekee aliyeuliza mlango wafunguka upande gani, tumlipe. Tuliandikiana karatasi, nani analeta nini, nani atalipa hospitali mtu akiumia, na chai ya asubuhi juu yetu. Nawaomba sana hili la karatasi msilidharau, hawa ni watu wana watoto, mtu akipondwa vidole bila makubaliano familia yake ndio inalala njaa na nyinyi mnabaki na lawama mpaka kiama.

Kabla ya siku yenyewe tukaitoa vitu vyote. Hii ifanyeni nyinyi wenyewe na mapema, na wawe watu wachache wa kuaminika. Sisi alikuwepo mama, khalati dada yake mama, na mimi, tukaandika kila kitu kwenye daftari na wote watatu tukatia sahihi, manake mali ya marehemu ni ya warithi na maneno ya "kulikuwa na bangili hapa" yanaweza kutenganisha ndugu. Kulikuwa na dhahabu kidogo, barua, na hati ya kiwanja ya zamani, zile za sheria ya ardhi ya pwani ya mwaka 1908, karatasi nene imegeuka rangi ya chai. Vitu vilihamia Likoni kwa gari la dada kimya kimya siku kabla, kwa hivyo siku ya sefu yenyewe mtaa mzima ukiangalia kulikuwa na chuma tupu tu. Droo zikatolewa zikafungwa kando. Mlango ukafungwa kwa ufunguo usije ukafunguka njiani, manake mlango ule peke yake una uzito wa watu wawili na ukifunguka sefu inafuata kule kule, na funguo zikakaa shingoni kwa mama.

Tukaanza baada ya sala ya alfajiri. Jua la Mombasa saa nne si la kazi hii, mikono inatoa jasho, kamba inateleza, watu wanakuwa wakali, na kichochoro kinajaa wapita njia.

Sasa hapa kwenye kuitoa ndio kuna elimu. Mtaimbo ukaingizwa chini ya sefu upande mmoja, ikainuka kidogo sana, kiasi cha kidole, kikatiwa kipande cha mbao. Upande wa pili hivo hivo. Tena wa kwanza, kipande kingine. Kila ikiinuka kuna mbao chini yake, kwa hivyo hata mtaimbo ungeponyoka isingeanguka zaidi ya kidole. Hakuna mkono uliokwenda chini, mbao zilisukumwa kwa mbao. Ilipopata nafasi wakapitisha magogo mawili marefu ya mvule, ndefu kuliko sefu yenyewe mbele na nyuma, wakaifunga sefu na magogo kwa mikanda mpaka vikawa kitu kimoja, chini ya magogo wakatia paipu za chuma za inchi mbili. Paipu inayotoka nyuma inaletwa mbele. Ikianza kwenda kombo mzee anagonga ncha ya paipu ya mbele kwa nyundo kidogo tu, tak, inageuka yenyewe. Mtu mmoja anasukuma kwa kiwiko cha mkono, nakwambia mtu mmoja, na ile sefu iliyotushinda sote inatembea ukumbini taratibu kama jahazi linaloingia bandari ya kale. Mama alikuwa amesimama jikoni mlangoni anasoma dua kwa sauti ndogo.

Kizingiti hakikuguswa. Walijenga mbao pande zote mbili mpaka zikawa juu kuliko kizingiti, wakalaza mbao nene juu, sefu ikapita kama darajani. Ile ya kuteremka kwenye daka ndio nilikuwa naiogopa, na ndio nilijifunza kitu cha kamba. Ndani, chumba cha nyuma, walipingisha boriti nene nyuma ya uwazi wa mlango wa chumba, ncha zake mbili zikaegemea ukuta wa mawe kulia na kushoto, si kwenye mlango wa nakshi. Kamba kutoka nyuma ya sefu ikazungushwa kwenye boriti ile mara tatu, na ncha akaishika kijana mmoja tu. Nilimuuliza mzee mbona mmoja, akasema izunguke mara tatu na chuma chote hiki kitamsikiliza mtoto, akitaka kishuke analegeza, akitaka kisimame anakaza. Ni msuguano wa kamba kwenye mbao unaofanya kazi, mikono inaongoza tu, ndivyo meli zinavyofungwa gatini. Sefu ikateremka huku mlango wake ukiwa upande wa juu wa mteremko, manake upande wa mlango ndio mzito na ukiuweka chini ya mteremko unaivuta yote ipinduke. Sauti ilikuwa moja tu, ya mzee. Alituambia mapema kabisa, mtu yeyote akiona hatari aseme "simama" na wote wasimame, lakini "twende" ni yake peke yake.

Kichochoroni majirani walishatoka, kila mtu na ushauri wake, vuteni hivi, geuzeni vile. Wanatupenda, najua, lakini kama una kazi kama hii weka mtu wako mmoja kazi yake iwe ni kuzungumza na majirani na kuwatoa watoto, sisi tulimpa ami na aliiweza vizuri sana, aliwapigia hadithi za babu mpaka wakasahau kusogea. Kwenye kile kifuniko cha kwanza chenye chaki walilaza mbao ndefu zikavuka mtaro wote, uzito ukakaa pande mbili kwenye ardhi ngumu. Na bado tulisikia "kraa" chini. Mzee alisema simama, kila mtu akaganda, akainama akachungulia na tochi ya simu, akaongeza kabari upande mmoja, ndio tukaendelea. Pale nilifikiria lile neno la "lete elfu tano tutabeba" na wale vijana wa watu, na miguu yao ingekuwa wapi wakati slebu inaingia ndani.

Lori tulilokodi lina kreni yake ndogo nyuma ya kebini. Kuna jambo dereva alinieleza ambalo ni muhimu, kreni ikiandikwa tani mbili si kwamba inainua tani mbili popote, mkono ukinyooka mbali uwezo unapungua sana, kwa hivyo mzigo lazima ufike karibu na gari, na juu kusiwe na nyaya za stima. Kwa Mji wa Kale hilo la nyaya litazame kwa macho yako siku kabla. Sefu ikawekwa mbele kabisa ikiegemea ukuta wa kebini, mikanda minne kwenye kona, kabari zikapigiliwa kwenye sakafu ya lori, na hakuna aliyepanda nyuma kukaa nayo. Hata mmoja. Kijana mmoja alitaka, mzee akamshusha.

Njiani tulipita kwenye mizani ya magari, lori lilikuwa lishapimwa likiwa tupu, tukapima na mzigo, tofauti kilo 560. Hapo ndio nikajua ndani hakuna zege.

Feri hatukupanda. Najua wengi watasema malori yanapanda kila siku, kweli, lakini maji yakipwa ule mteremko wa kuingia feri unasimama sana, lori linainamisha pua halafu linagonga pale chuma kinapokutana na zege, na sisi tulikuwa na mzigo ambao ukisogea hausimamishwi na mkanda uliochoka. Na wenyeji wa Mombasa hatujasahau mwaka 2019 lile gari lililorudi nyuma likaingia baharini na mama na mtoto wake, Mola awarehemu. Tukazunguka kwa barabara ya nchi kavu, Makupa, Miritini, Dongo Kundu, ukaibuka barabara ya Lunga Lunga, ni mbali na mafuta yanakwenda lakini barabara ni tambarare na dereva alikwenda polepole.

Kule nyumba mpya kulikuwa na mjadala ushafanyika zamani. Dada alitaka sefu iwe chumbani kwake juu. Hesabu ya huko juu, kwa uzito tulioupata mizani, ni hii, chini ya sefu ni kama mita 0.42 za mraba, weka kilo 560 juu yake, ni zaidi ya kilo 1,300 kwa mita moja ya mraba, na sakafu za nyumba za kuishi kwa kawaida zinahesabiwa kilo 150 hivi kwa mita ya mraba. Haimaanishi itaporomoka siku hiyo hiyo, uzito wa mahali pamoja na wa chumba kizima si kitu kimoja, lakini ni kazi ya injinia kusema, tena aliye na michoro ya nyumba, na wetu akasema iwe chini kwenye slebu iliyolala juu ya ardhi. Ikawa chini, chumba cha mama. Taili tulizigonga moja moja kwa sarafu tukisikiliza, penye sauti ya uwazi panavunjika, tukatandika plaiwudi nene njia nzima.

Dada pia alitaka ifungwe sakafuni kwa bolti. Fundi wa loki ndiye aliyetuzuia kutoboa. Alisema sefu za kale baadhi zilitiwa asbesto na vumbi lake ni sumu kwa mapafu, hutoboi kitu usichokijua. Kwa hii yetu anadhani ni unga wa mbao na shabu, ile ile shabu, vile vijiwe vyeupe vinavyouzwa soko la Marikiti, sefu za Milner zilijazwa hivo karne ya 19, moto ukishika shabu inatoa maji yake inakuwa mvuke na karatasi ndani haziungui haraka. Badala ya bolti tukajenga ukuta wa mawe pande mbili na nyuma, ikaingia kwenye pango lake kama imezaliwa hapo. Akatwambia pia kabla ya kurudisha chochote tufunge na kufungua loki mara nyingi huku mlango uko wazi, ufunguo ukizunguka bila kukwama ndio mfunge kweli, manake mtikisiko wa safari unaweza kusogeza kitu ndani na ukifunga mara ya kwanza ukiwa na hati ndani huenda usifungue tena bila kuikata.

Shabu hiyo hiyo lakini imebeba maji ndani yake, na Shelly ni pwani pwani, chumvi inaingia mpaka kwenye soketi za stima. Hati ya kiwanja tumeipiga picha, nakala iko kwa wakili, yenyewe tumeitia kwenye bahasha ndani ya kibati chenye mfuniko wa mpira na vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu. Chini ya sefu kuna vipande vya mbao ngumu ili hewa ipite. Ufunguo mmoja uko kwa mama, wa pili kwa ami Kibokoni, na fundi katukataza kuchonga wa tatu barabarani, akasema tukitaka mwingine tumletee yeye sefu na ufunguo pamoja, yani yeye ndiye atakuja.